Tairi lina kashata, lakini limekufa

Mvua ya kwanza ya mwaka hapa Tabora haiji kwa adabu. Tunakaa tangu Mei bila tone, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, halafu siku moja ya Novemba wingu linapanda upande wa Nzega na kabla hujaanua nguo limeshamwaga. Dakika kumi na tano za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote kwa mwenye pikipiki. Vumbi la miezi sita, oili iliyodondoka kutoka kwenye malori na unga wa mpira ulioachwa na matairi, vyote vinakorogeka na maji, na lami inakuwa mlenda.

Ni katika dakika hizo, mwaka 2024, nilipoanguka nikitokea Ipuli kuelekea mjini. Sikuwa na mwendo. Bajaji iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla kushusha abiria, nikashika breki ya mbele kama ninavyoishika siku zote, gurudumu likaenda kulia na mimi nikaenda kushoto. Goti na kiganja, basi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba matairi yale ndiyo niliyokuwa najivunia. Pikipiki niliachiwa na baba mdogo, mstaafu wa Sikonge, aliyeitumia kwenda kanisani Jumapili na shambani mara mojamoja. Siku nyingine zote ilikaa stoo. Kashata, yale meno ya mpira usoni mwa tairi, zilikuwa zimesimama kama za tairi la dukani. Vijana wa kijiweni walikuwa wakiniambia, "Mwalimu, hayo matairi utayaachia wajukuu."

Niliisukuma hadi kwa mzee mmoja anayeziba pancha chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye gurudumu, si kwenye goti langu lililokuwa linavuja damu. Akachomeka ukucha wa dole gumba kwenye kashata. Haukuacha alama. Akavuta tairi lingine lililokuwa limelala pale chini, lililokwisha nusu, akachomeka ukucha uleule. Ukazama kidogo na mpira ukarudi. Kisha akalowesha kitambaa, akafuta ubavu wa tairi langu na kunionyesha tarakimu nne ndani ya duara la yai: 3611.

"Hili, mwanangu, lilitengenezwa wiki ya thelathini na sita, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Lina umri wa mtoto anayemaliza darasa la saba. Wewe umedanganywa na nguo lilizovaa."

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu. Napita vijiweni nainama kusoma matairi ya watu, na wapo wanaoamini nimetumwa na trafiki. Nilichokiona ni kwamba swali la lini tairi libadilishwe linatuchanganya kwa sababu tunalijibu kwa kutazama kashata peke yake. Ndani ya tairi kuna saa mbili, na sisemi saa mbili za asubuhi. Saa ya kwanza inahesabu kilomita, na ukizima pikipiki inasimama. Ya pili inahesabu miaka, nayo haisimami kabisa: ilianza kugonga siku tairi lilipotoka kwenye kalibu kiwandani, na iliendelea kugonga wakati tairi linaning'inia dukani na karatasi zake za rangi. Itakayofika mwisho kwanza ndiyo inayoliua tairi.

Kusoma umri

Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi mengi na ndiyo maana watu wanakata tamaa. Unachotafuta ni tarakimu nne zilizo peke yake, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu kama yai, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 0823 ni wiki ya nane ya mwaka 2023, yaani Februari. 5019 ni Desemba 2019. Mwaka hauna zaidi ya wiki 53, kwa hiyo ukiona namba inayoanza na 75 au 90 ujue unasoma kitu kingine.

Namba hiyo aghalabu iko upande mmoja tu wa tairi. Ukikosa huku, zunguka upande wa pili, na uzungushe gurudumu taratibu, maana matope ya Tabora yanajua kuficha. Tairi lenye tarakimu tatu badala ya nne limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Ukilikuta kwenye pikipiki inayotembea, mpe pole mwenye nayo.

Kuna kosa moja nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naliweka hapa peke yake: hiyo si tarehe ya kuisha muda. Ni tarehe ya kuzaliwa. Nimemkuta kijana anayeamini kwamba tairi lake la 2618 "lilikuwa na dhamana mpaka 2018" na kwa kuwa bado linatembea, basi limevuka ahadi na ni imara kuliko ya wenzake. Viwanda havichapi tarehe ya mwisho kwenye tairi kwa sababu mwisho wake unategemea limeishi vipi, kama mtu.

Namba nyingine usizichanganye na umri. 2.75-17 na 3.00-17, ambazo utazikuta kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, ni upana na kipenyo cha rimu, kwa inchi. 90/90-18 ni kipimo hichohicho kwa mtindo mwingine: upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na rimu kwa inchi. Namba kama 50P ni uzito na mwendo: 50 maana yake kilo 190, na P ni kilomita 150 kwa saa. Hiyo ya uzito tutairudia, kwa sababu ya mishkaki, yaani kupakia abiria wawili kwa mpigo.

Kwa nini mpira unazeeka umelala

Hapa ndipo watu wengi wanapobisha. Tairi halikutembea, litachakaa vipi?

Utomvu wa mpira peke yake haufai kitu. Kwenye joto unanata, kwenye baridi unakatika. Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza mwaka 1844 ya kuupika pamoja na salfa. Salfa inajenga vidaraja kati ya minyororo mirefu ya mpira, na vidaraja hivyo ndivyo vinavyofanya mpira uvutike na kurudi. Tatizo ni kwamba upishi haukomi kiwandani. Oksijeni ya hewani inaendelea kuingia kidogo kidogo, inaongeza vidaraja vingine visivyotakiwa na inakata minyororo mingine. Ni kama ugali ulioachwa jikoni moto umeshapungua: haungui, lakini ukoko unazidi kuwa mnene. Mwisho wake mpira unakuwa mgumu, unapoteza kule kurudi, na unavunjika badala ya kuvutika.

Joto linaharakisha kila kitu. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba mmenyuko kama huu unakaribia kuongezeka kasi mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopanda. Sasa fikiria stoo ya bati isiyo na dirisha mwezi Oktoba hapa kwetu, mchana, na ulinganishe na kivuli cha mwembe. Tairi moja, mji mmoja, lakini la stoo linazeeka haraka zaidi. Baba mdogo alidhani anaitunza pikipiki kwa kuifungia ndani.

Adui wa pili ni ozoni, gesi iliyomo hewani kwa kiasi kidogo sana, lakini inaushambulia mpira kama mchwa. Inapenda mahali mpira ulipovutika. Ndiyo maana nyufa za uzee huanza ubavuni, na kwenye shina la kashata, mahali tairi linapojikunja. Cheche za mashine ya kuchomelea na mota za umeme huzalisha ozoni, kwa hiyo fundi anayerundika matairi mapya kando ya mashine ya kuchomelea anajiharibia mtaji bila kujua.

Kiwanda kinajua haya yote na kinaweka kinga. Ile rangi nyeusi si urembo: ni masizi maalumu yanayoutia mpira nguvu na kuzuia jua lisipenye. Na ndani yake kumechanganywa nta na dawa zinazosafiri polepole kutoka ndani kuja juu, zikapokee kipigo cha ozoni badala ya mpira. Watu wa Tabora hatuhitaji kuelezwa nta ni nini. Tumekua na asali. Ila nta hii ina tabia moja: inasukumwa kuja juu tairi linapojikunja na kukunjuka barabarani. Tairi linalotembea linajipaka lenyewe. Linalolala halijipaki, na lile la juu likishakwisha, ngozi inabaki tupu. Ule ukahawia unaouona wakati mwingine ubavuni, ukadhani ni vumbi lisilotoka, ni dawa hiyo ikiwa imeshafanya kazi yake. Usiusugue kwa hasira.

Na usioshe matairi kwa dizeli au mafuta ya taa yapate kung'aa. Najua kwenye sehemu za kuoshea wanafanya hivyo, na pikipiki inatoka imependeza kama bwana harusi. Mafuta hayo yanalowesha mpira, yanauvimbisha na kuitoa ile kinga. Maji na sabuni vinatosha.

Kwa hiyo ninayemwonea wasiwasi si bodaboda. Bodaboda wa stendi anamaliza tairi la nyuma kwa kilomita kabla halijafikia umri wa kuota jino. Ninayemwonea wasiwasi ni mstaafu, mchungaji, bwana shamba mwenye pikipiki ya ofisi iliyopaki kwa kukosa mafuta, mrina asali anayeitoa msimu kwa msimu. Hao ndio wenye matairi mazuri machoni. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Gumu maana yake nini barabarani

Lami ukiitazama kwa karibu ina vishimo na vijiwe kama ngozi ya kenge. Tairi laini linazama kidogo kwenye vishimo hivyo na kushika. Tairi gumu linapita juu ya ncha za vijiwe. Kukiwa kukavu, tofauti huioni. Unakwenda sokoni na kurudi mwaka mzima ukijiona dereva. Maji yakija, kile kidogo kilichokuwa kinashika kinaondoka, na breki ya mbele uliyoizoea inageuka mtego. Hicho ndicho kilichotokea Ipuli.

Kipimo cha mzee yule cha ukucha si cha maabara lakini kina maana ukilinganisha matairi mawili. Kipimo changu cha pili ni nyufa. Punguza upepo, bonyeza ubavu kwa dole gumba, utazame mpira unapokunjika. Vinyufa vyembamba kama nywele, vinavyoonekana tu ukibonyeza, ni onyo: tairi bado linatembea lakini anza kuweka akiba. Nyufa zinazoonekana bila kubonyeza, zinazopokea ncha ya ukucha, au zinazozunguka shina la kashata kama mfereji, ni hukumu. Ukiona nyuzi ndani ya ufa, usiiendeshe hata kufika kwa fundi; isukume.

Na miaka? Watengenezaji wa matairi Michelin wanashauri kwamba tairi likifikisha miaka 5 ya matumizi likaguliwe na mtaalamu angalau mara moja kila mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama linaonekana zima. Uingereza, tangu Februari 2021, imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Sheria hiyo haikuzigusa pikipiki, jambo ambalo mimi naliona la ajabu kidogo, kwa sababu lori lina matairi mengi na mimi nina mawili.

Ila kumi ni dari, si ahadi. Kwa jua letu na stoo zetu za bati, mimi binafsi nimejiwekea hivi: baada ya miaka mitano naanza kulitilia shaka, na likifika sita au saba silipandi mvua zikianza. Hiyo ni rai yangu, si kanuni ya kiwanda. Anayeishi mahali pa baridi na mwenye gereji ya ukuta ana haki ya kuongeza.

Kashata, kwa waliozimaliza

Turudi kwa bodaboda, ambaye kwake saa ya kilomita ndiyo inayokimbia.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijiukuta vifupi vya mpira vinavyokatiza mfereji. Ubavuni, mkabala navyo, kuna alama ndogo ya pembetatu au herufi TWI. Kashata zikiisha mpaka zikalingana na vijiukuta hivyo, tairi limekwisha, haina mjadala. Kwenye matairi mengi ya pikipiki ukuta huo una kimo cha milimita 0.8 tu, kwa hiyo ukiufikia ujue umekwenda mpaka ukingoni. Sheria ya Uingereza kwa pikipiki zenye injini inayozidi sisi (cc) 50 inataka angalau milimita 1 katika robo tatu ya upana wa tairi.

Kupima hakuhitaji chombo. Chukua kijiti cha kiberiti, kichomeke kwenye mfereji katikati ya tairi, weka alama kwa ukucha, kisha kipime kwenye rula ya mtoto wa shule. Pima sehemu tatu za gurudumu, kwa sababu tairi haliishi sawasawa. Mimi nikiona milimita 2 mwezi Septemba sisubiri Novemba.

Kijana wa kijiweni atakwambia, "Mbona tairi langu ni kipara na sianguki?" Anasema nusu ya kweli, na nusu hiyo tumpe. Kwenye lami kavu kashata hazina kazi kubwa. Matairi ya pikipiki za mashindano kwenye lami kavu hayana kashata kabisa. Kazi ya mifereji ni kupitisha maji yasikae kati ya mpira na lami, na kazi ya kashata nene ni kung'ata vumbi na tope. Kwa hiyo kuanzia Juni mpaka Oktoba, mjini, kipara chake hakimwangushi. Kinamwibia kwa njia nyingine: mpira uliobaki ni mwembamba, na miiba ya migunga na vipande vya waya vinafika kwenye tyubu bila kupiga hodi. Pancha zikianza kufuatana, tatu kwa wiki, wala si uchawi wa jirani wa kijiwe, tairi linakuaga. Tuseme pancha ni shilingi 1,500 na unapoteza nusu saa kila mara. Fanya hesabu ya mwezi, ongeza abiria waliopanda pikipiki nyingine, uone kama kuahirisha tairi kumekuokoa kitu.

Kisha ile mvua ya Novemba inakuja, na nusu ya pili ya kweli inafika nayo.

Umbo pia linasema. Anayeshinda kwenye lami iliyonyooka, kama ya kwenda Nzega, analimaliza tairi la nyuma katikati tu mpaka linakuwa bapa kama ubao. Pembeni bado kuna kashata, na watu wanaonyesha hizo. Tairi la namna hiyo likilala kwenye kona halilali taratibu. Linapanda kwenye ukingo kisha linaanguka ghafla upande wa pili. Kama pikipiki yako siku hizi inakataa kona halafu inaikubali kwa kishindo, kabla hujailaumu fremu, tazama katikati ya tairi.

Lile la mbele

Hapa ndipo saa mbili zinapokutana, na ndipo ningependa kila mwenye bodaboda ainame akasome tarakimu leo.

Tairi la nyuma linabeba uzito na linasukuma, kwa hiyo linakwisha haraka na linabadilishwa mara kwa mara. La mbele linabaki. La nyuma la tatu, la nne, la tano, na la mbele ni lilelile lililokuja na pikipiki. Kashata zake bado zipo, na kwa kuwa zipo hakuna anayeliuliza umri. Lakini ukishika breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Tairi hilo ndilo linalokusimamisha na ndilo linalokupa mwelekeo. La nyuma likiteleza, mara nyingi dereva mzoefu analiokoa. La mbele likiteleza umeshakuwa chini. Nimesoma pikipiki moja pale karibu na stendi: la nyuma lilikuwa na miezi minne, la mbele miaka minane. Mwenyewe alicheka, akasema la mbele "halina kazi."

Ukibadilisha, usihamishie mbele lile la nyuma lililochoka. Tazama pia mshale ubavuni unaoonyesha tairi linazunguka kuelekea wapi. Fundi mwenye haraka hulifunga tairi nyuma mbele, na mifereji iliyochongwa itoe maji inaanza kuyakusanya.

Kuhusu uzito sitasema mengi, hesabu itasema. Pikipiki yenyewe tuseme kilo 115, dereva 65, abiria wawili wa mshkaki 130. Jumla 310. Ikiwa theluthi mbili zinaangukia nyuma, ni zaidi ya kilo 200 juu ya tairi lililoandikwa kilo 190. Halafu upepo haupimwi, unabonyezwa kwa kidole. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja zaidi kila mzunguko, linapata joto, na joto tumeshaona linafanya nini. Vitabu vya pikipiki nyingi za aina hii vinataka upepo wa kama psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako mpaka 32 ukiwa na abiria; soma cha kwako, na pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima, tairi linazunguka juu ya rimu kwa kukosa upepo na linaivuta tyubu nalo. Siku moja shingo ya valvu itakatika, na hiyo si pancha ya kuziba.

Uvimbe wowote ubavuni, hata kama ni mdogo kama punje ya karanga, maana yake nyuzi za ndani zimekatika, pengine kwa shimo uliloliingia na mzigo. Hauzibwi. Kiraka cha ubavuni nacho ni cha kukufikisha nyumbani, si cha kukupeleka Urambo.

Dukani

Muuza spea hapendi mteja anayeuliza mwaka, lakini uliza. Tairi lililotunzwa kivulini kwa mwaka mmoja au miwili halina kasoro, silikatai. Lenye miaka minne nalitaka kwa bei nyingine au silitaki. Lililokaa mlangoni jua linalipiga kila alasiri, hata likiwa la mwaka huu, naliacha hapo lilipo. Nunua na tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka kulingana na tairi la zamani na ndani ya jipya itajikunja na kujikata. Mwambie fundi atazame ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, maana ukiwa umeoza utatoboa tyubu yako mpya kutoka ndani na utalilaumu tairi.

Tairi la mtumba sina nalo ugomvi kwa baiskeli. Kwa pikipiki, mtumba mzuri ni ule wenye tarakimu zinazosomeka, na mara nyingi ndizo zilizokwanguliwa. Lililochongwa upya kashata kwa kisu cha moto, usiliguse. Aliyelichonga hakuongeza mpira. Ameupunguza uliobaki akakaribia nyuzi.

Kuna mgogoro wa nani alipe. Kwenye pikipiki ya hesabu ya kila siku, kawaida tairi ni la tajiri, yaani mwenye pikipiki. Kwenye ya mkataba, ile dereva anayoilipia kidogo kidogo mpaka iwe yake, ni la dereva. Tajiri haipandi, kwa hiyo haoni haraka. Dereva wa mkataba anaipanda lakini anahesabu wiki zilizobaki. Ninachowashauri vijana ni kupiga picha tarakimu nne na kijiti cha kiberiti, wamtumie tajiri kwa simu. Picha inabishiwa kwa shida kuliko maneno.

Jipya likishafungwa, kilomita kama 150 za mwanzo nenda nalo kama umebeba mayai. Uso wake bado una utelezi wa kalibu na haujapata ukwaruzo wa kushika.

Mzee alinifungia mawili mapya siku ileile, goti langu likiwa limefungwa kanga ya mke wake. Yale ya 2011 akayaegemeza kwenye mwembe, akaniambia kuna mtu wa Uyui atayachukua kesho kwa bei nzuri, kashata zote zile. Nikamwomba msumeno. Alinitazama kama mtu aliyepata jua kali, akauleta. Waya wa ukingoni ulinisumbua, kiganja kinauma, lakini nilikata yote mawili mpaka yakafunguka. Wajukuu zake wakachukua vipande, wakaning'iniza kimoja kwenye tawi, wakaanza kugombania nani abembee kwanza.